Msamaha Ulitoka Bujumbura

Watu wengi wa Troyeville, mtaa wa Johannesburg, walimchukulia Inès kuwa Mtanzania. Mume wake, Seif, alizaliwa Morogoro. Mama mkwe wake, Bi Duni, alikuwa Mluguru hasa. Na Kiswahili cha Inès mwenyewe kilikuwa kile cha Kigoma, alichokiokota katika kambi ya wakimbizi aliyoingia akiwa na miaka kumi na sita. Hakuwasahihisha. Ukisema wewe ni Mrundi, Mrundi mwenzako atakuuliza unatoka kilima gani, maana kwao kilima ndicho kijiji, na baada ya kilima atakuuliza baba yako ni nani. Inès hakupenda kufika kwenye swali hilo la pili.

Alikuwa mkalimani katika ofisi inayosikiliza maombi ya wakimbizi. Siku nzima alikaa kati ya afisa na mwombaji, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili au Kirundi, kisha akirudisha majibu. Masharti ya kazi yalikuwa machache. Usiongeze neno, usipunguze neno, na ukigundua kwamba unamfahamu mwombaji, sema hapo hapo utoke. Aliipenda kazi ile kwa sababu maneno yalikuwa ya watu wengine. Yalipita kwake kama maji kwenye bomba, na jioni alipopanda teksi, yale mabasi madogo ya abiria, kurudi Troyeville hakuwa amebaki na kitu.

Ndivyo alivyojiambia, walau. Lakini mwaka 2009, redio iliposema kwamba waasi wa mwisho wa Burundi wameweka silaha chini, Seif alimkuta jikoni akipiga pasi. Vita vyao havikuwa vimeiangusha serikali. Walishuka milimani wamechoka, na serikali ikawapa kinga wasishtakiwe kwa yaliyopita. Baadhi yao walivishwa sare za polisi na jeshi, wengine wakapewa kianzio kidogo cha maisha na kurudishwa vilimani kwao.

"Si habari njema hiyo?" Seif aliuliza. "Mama yako atalala bila kusikia mizinga."

"Ni njema," Inès alisema. Alimaliza mashati yote, akapiga pasi mashuka, kisha akashusha mapazia ya sebuleni na kuyapiga pasi nayo.

Seif alijua sababu, ingawa walikuwa wameizungumzia mara moja tu, kabla hawajaoana. Baba yake Inès, mzee Ezekieli, alikuwa kiongozi wa kilima chao juu ya Bujumbura. Waasi walimshuku kwamba anapeleka habari kambi ya jeshi. Jumapili moja asubuhi, watu wakijiandaa kwenda misa, walikuja kumchukua. Hawakuwa na haja ya kuuliza nyumba. Walikuwa na Alexis, kijana wa jirani, ambaye mwaka mmoja kabla ya kuingia msituni alikuja kumsaidia Ezekieli kuezeka paa. Alexis ndiye aliyenyoosha mkono.

Inès na mama yake, Paskalia, walikuwa wamejibanza jikoni nyuma ya kuni. Mlango ukasukumwa, na Alexis akasimama pale na bunduki begani. Aliwatazama wote wawili. Kisha akafunga mlango, na wakamsikia akiwaambia wenzake kwamba humo hamna mtu. Ezekieli alitwikwa gunia la maharage na kupandishwa mlima. Hakurudi, na mwili wake haukuonekana.

Kwa hiyo Inès alikuwa na mtu mmoja aliyemwonyesha baba yake kwa wauaji na aliyemwokoa yeye siku hiyo hiyo. Hakujua amweke wapi kichwani. Akimweka upande mmoja, anahama. Akimweka upande wa pili, vilevile.

Mwaka 2011, mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, aliitwa chumba cha mahojiano kutafsiri kwa mwombaji aliyeomba mkalimani wa Kiswahili. Jina halikutajwa. Aliingia, akasalimia bila kumtazama mtu sana, akaketi kama alivyozoea. Mwombaji alikuwa mwanaume mwembamba mwenye koti la mtumba lililomzidi mabega. Alisema ametoka Burundi. Inès hakushangaa kwamba amechagua Kiswahili. Warundi wengi walifanya hivyo, wakiogopa kwamba mkalimani wa Kirundi angekuwa mtu wa upande mwingine.

Afisa alikuwa mwanamama wa makamo, mtulivu, mwenye kikombe cha chai pembeni. Aliuliza jina la mwombaji na la wazazi wake, na mahali alipozaliwa.

Mwanaume akajibu. Inès alifungua mdomo kutafsiri, akajikuta anataja jina la Alexis na kilima chake mwenyewe kwa Kiingereza.

Hapo ndipo alipotakiwa kutoka. Alijua hivyo wakati ule, na aliendelea kujua hivyo kwa miaka yote iliyofuata. Lakini hakuinuka kitini, na swali la pili lilikuwa limeshaulizwa.

"Uliwahi kubeba silaha?"

"Ndiyo. Miaka tisa, msituni. Tulishuka mwaka 2009."

"Serikali ilikufanya nini uliposhuka?"

"Ilinisamehe. Nilipewa kianzio, nikarudi nyumbani kulima."

Afisa aliweka kalamu chini. "Hapa ndipo ninaposhindwa kuelewa. Kama serikali yenu ilikusamehe, unakimbia nini?"

Inès alitafsiri. Alexis alishika magoti yake.

"Msamaha ulitoka Bujumbura," alisema. "Mimi ninaishi kilimani. Baada ya uchaguzi, baadhi ya wenzetu walirudi msituni, wakaja kunitaka niende nao. Nikakataa. Polisi nao wakaja kuniuliza kwa nini nimetembelewa. Kila wiki naitwa kituoni. Watu wawili tulioshuka nao siku moja wameokotwa mtoni. Serikali ilinisamehe, ndiyo, lakini haikunisahau."

Inès aliyageuza maneno yale yote kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, bila kukosea. Sauti yake ilikuwa sawa. Mikono yake ndiyo iliyokuwa imebadilika, ameibana chini ya mapaja kama mtoto darasani.

"Ukiwa msituni," afisa aliuliza, "ulishiriki kuwadhuru raia? Watu wasio na silaha?"

Inès akatafsiri, na kwa mara ya kwanza akamtazama Alexis usoni. Labda ni kutazamwa huko. Labda ni namna alivyotamka neno raia, kwa ulimi wa kwao. Alexis alimtambua. Alipoongea, aliacha Kiswahili akasema Kirundi, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Afisa alisubiri. "Anasema nini?"

Usiongeze, usipunguze. Inès alitafsiri.

"Anasema: wewe ni mtoto wa Ezekieli. Mjibu wewe. Sema unachotaka."

Afisa alimwangalia mkalimani wake, kisha mwombaji, kisha akafunga jalada na kusema, kwa upole, kwamba mahojiano yameishia hapo kwa leo.

Msimamizi wa ofisi hakumfokea. Alimwambia kwamba shauri lile litapewa mkalimani mwingine na kwamba yeye hatalikaribia tena. Akaongeza kwamba sheria haimpi hifadhi mtu aliyewadhuru raia. Kama Inès aliona jambo kwa macho yake, anaweza kuandikisha maelezo kama shahidi. Hatalazimishwa. Afikirie.

Alifikiri akitembea. Wiki zile hakupanda teksi kwenda kazini, alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Jumamosi alipanda kwa miguu mpaka mtaa jirani wa Kensington, akashuka Bezuidenhout Valley, akazunguka tena bila kununua chochote. Akiketi mezani, anainuka kufunga dirisha ambalo limefungwa. Mwanawe Amosi, aliyekuwa na miaka mitano na aliyeongea Kiingereza tu, alimuuliza baba yake kama mama amepoteza kitu.

"Mama Amosi," Seif alimwambia siku moja wakiosha vyombo, "wewe siyo hakimu. Waachie ofisi."

"Ofisi haikuwepo jikoni kwetu."

"Serikali yenu imeshamsamehe."

"Imesamehe kwa niaba ya nani? Kuna aliyepiga simu kuniuliza?"

Seif alifuta sahani ya mwisho. Siku ya pili alimpeleka kwa mama yake.

Bi Duni aliishi Kensington, nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Huyo alikuwa Msauzi wa Soweto, aliyeishi Tanzania uhamishoni miaka mingi kabla ya kurudi na mke na mtoto. Bi Duni alimpokea Inès kwa chai ya tangawizi na chapati, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Baba yake Seif," alisema, "alikuwa na rafiki aliyekimbia naye. Rafiki huyo akawa anapeleka majina yao kwa polisi wa makaburu. Wawili walikufa kwa ajili hiyo. Tuliporudi huku, kukawa na ile tume. Ukikiri hadharani yote uliyofanya, unasamehewa. Naye akakiri. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu na chakula chetu cha mchana kwenye mfuko. Alisema yote, akalia, akasamehewa. Sisi tukaenda kula."

"Mlimsamehe?"

"Mume wangu alimpa mkono. Mimi nilimkuta kanisani Jumapili iliyofuata, nikahama kanisa. Mpaka leo ninapanda teksi mbili kwenda kusali." Alimwongeza chai. "Lakini mwanangu, mimi nilisikia. Alisema mbele yangu kila alichofanya. Wewe wako hajasema kitu."

Maneno hayo Inès aliondoka nayo. Jioni ile ile alimpigia simu mama yake. Paskalia alibaki kilimani siku zote, alikataa kambi na alikataa Johannesburg. Inès alimwambia ni nani aliyemkuta ofisini. Upande wa pili alisikika mbuzi akilia.

"Kwa hiyo amefika huko," Paskalia alisema.

"Ulijua alirudi kilimani?"

"Tulijua sote. Kiongozi mpya alitukusanya, akasoma majina yao, akasema serikali imewasamehe na sisi tuwapokee. Tukapiga makofi."

"Na wewe ulipiga?"

"Nilipiga, mwanangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu."

"Alikuja kwako? Aliomba msamaha?"

"Alikuja akaomba jembe. La kwao lilikuwa limevunjika."

Inès alikaa chini sakafuni. "Ukampa?"

"Nikampa. Akalirudisha, amelinoa. Akasimama pale mlangoni kama ana neno, halafu akaenda."

"Mbona hukuniambia, mama? Miaka miwili."

"Ungefanya nini huko uliko? Mimi nilikuwa nachota naye maji kisima kimoja. Nilichokuwa nataka nimuulize ni kimoja tu, mzee wangu yuko wapi. Kila nilipomwona, mdomo ulikauka."

Inès alikata simu akiwa na jambo la kufanya, na hilo lilimpa utulivu wa siku tatu. Kumpata Alexis hakukuwa kazi. Warundi wa mtaa wa Bertrams walijuana, na fundi viatu mmoja alimwelekeza mtaa wa maduka kule Kensington, ambako Alexis alikuwa akilinda magari ya wateja kwa chochote watakachompa. Alikuwa amevaa kizibao cha kijani kibichi cha kung'aa. Alipomwona Inès anavuka kwenye robot, taa za barabarani, alikivua, akakikunja mkononi kama mtu anayevua kofia.

Walikaa kwenye ukuta mfupi nje ya duka la matairi. Jua la saa sita lilikuwa halina joto.

"Dada Inès," Alexis alianza kwa Kirundi, "sikujua ni wewe. Ningejua nisingekubali kukaa chumba kile."

"Kwa nini uliwaonyesha nyumba?"

"Waliniuliza."

"Hilo tu?"

"Niliambiwa, kama huijui nyumba ya mtu aliyekuajiri, basi wewe ni mtu wake. Nikaonyesha." Alikuwa akitazama magari, siyo yeye. "Sitasema nililazimishwa. Kuna waliokataa. Walipigwa, na wengine wakafa, lakini walikataa."

"Na jikoni?"

"Jikoni sijui. Niliwaona, mkono ukafunga mlango. Nimejaribu kukumbuka niliwaza nini, sikumbuki."

Inès alitaka kusimama aondoke. Badala yake aliuliza alichotumwa na moyo wa mama yake. "Mlimpeleka wapi?"

Gari lilirudi nyuma kutoka kwenye maegesho. Dereva alimtafuta mlinzi kwa macho, hakumwona, akaondoka. Alexis hakuinuka.

"Alibeba gunia mpaka kwenye mianzi, ule msitu wa mianzi juu ya kijito. Akasema magoti yamekataa. Hawakumrudisha. Mimi nilichimba, tulikuwa watatu. Ni upande wa juu, penye mwamba uliopasuka. Hatukwenda chini sana, ardhi ilikuwa ngumu."

"Alisema chochote?"

"Alisema nimwambie mama yako ng'ombe wa Bakiri yuko kwenu kwa mkopo tu, arudishwe."

Inès alicheka, sauti fupi iliyomtoka bila kuitaka, kisha akaziba uso kwa viganja. Ilikuwa kweli. Ng'ombe wa jirani yao Bakiri walikuwa naye mwaka ule. Jambo kama hilo lisingebuniwa na mtu yeyote.

"Mbona hukumwambia mama? Alikuazima jembe."

"Nilikwenda kwa ajili hiyo. Nikafika mlangoni, nikaomba jembe." Alilaza kizibao magotini. "Tulipotoka msituni walituambia yamekwisha, hamtashtakiwa, hamtaulizwa. Mimi nilifikiri nitakuwa mwepesi. Lakini mtu akikusamehe bila kukuuliza, unabaki nayo yote. Ningeulizwa ningesema."

Inès alisimama, akajipangusa sketi. "Ofisi wanataka maelezo yangu."

"Najua."

"Nitasema ulichofanya."

"Sema."

"Nitasema na habari ya ule mlango."

Alexis aliinua kichwa, akavaa kizibao chake.

Inès aliandikisha maelezo wiki iliyofuata, kwa Kiingereza, bila mkalimani. Alisema aliyoyaona na aliyoyasikia, pamoja na mianzi na mwamba. Alipomaliza, karani alimuuliza kama anapendekeza ombi likubaliwe au likataliwe. Alisema hajui, na kwamba wasimwandikie neno jingine zaidi ya hilo. Mwezi ule ule aliacha kazi. Hakufukuzwa, lakini kila alipoingia mwombaji, Inès alimtazama viatu kwanza, mikono, kisha uso, akitafuta mtu anayemjua, na hakuweza tena kutafsiri bila kusita. Baadaye alipata kazi ya ukalimani kwenye kliniki, akiwatafsiria wajawazito wa Kikongo na Kirundi. Huko maswali yalikuwa ya damu na uzito.

Paskalia, alipoambiwa na Inès, hakwenda mianzini mara moja. Alisubiri kama miaka miwili. Alimwogopa kiongozi wa kilima, ambaye hakutaka mtu achimbue mambo yaliyosamehewa, na aliogopa asikute kitu. Inès alimsukuma kwa simu mpaka wakagombana, wakanuniana, wakarudiana. Hatimaye, mwaka 2013, mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, Paskalia alikwenda na padri na Bakiri na vijana wanne. Mwamba uliopasuka ulikuwepo. Walimkuta Ezekieli, na mkanda wake wa ngozi.

Walimzika karibu na kanisa. Inès hakuweza kwenda. Mkimbizi anayerudi kwao kutembea anapoteza hadhi yake ya ukimbizi, na Amosi alikuwa shuleni. Alisikiliza maziko kwa simu, Bakiri ameishika juu ya vichwa vya watu, sauti zikija na kupotea. Alisikia wimbo, akasikia koleo. Mama yake alimwambia baadaye kwamba mama yake Alexis alikuja na kikapu cha maharage, akakaa mwisho kabisa, na kwamba hakuna aliyemfukuza wala aliyemsogelea.

"Sasa umepumzika, mama?" Inès aliuliza.

"Nimelala usingizi. Na wewe?"

Inès alisema naye amelala. Haikuwa kweli kabisa. Alikuwa amedhani kaburi litamtuliza, na badala yake alijikuta anatembea tena, Kensington mpaka Bezuidenhout Valley, akiwa na hasira mpya isiyo na mtu wa kuipokea. Hakumkasirikia Alexis kama zamani. Alilikasirikia lile kusanyiko kilimani na makofi yake, na siku ile moja iliyotosha kufunga miaka yote.

Ombi la Alexis lilikataliwa. Alikata rufaa, akaendelea kuishi kwa kibali cha muda. Mwanzoni mwa 2014 Inès alipita kwenye yale maduka akamkuta mlinzi mwingine, Mkongo, aliyemwambia kwamba mwenzake amekwenda Durban kutafuta kazi bandarini. "Eish, aliogopa kurudishwa kwao," Mkongo alisema. "Alikuwa habishani na mtu, lakini hakai mahali pamoja."

Miezi miwili baadaye simu ililia akiwa stendi ya teksi, namba asiyoijua.

"Dada Inès. Ni Alexis. Fundi viatu alinipa namba yako. Nilitaka kuuliza kama mama alipaona."

"Alipaona. Baba amezikwa kanisani."

"Penye mwamba?"

"Penye mwamba."

"Sawa," Alexis alisema. Kulikuwa na upepo mkubwa upande wake. "Basi sawa."

Alingoja, na Inès naye akangoja. Mpiga debe aliita Bertrams, Bertrams, gari likajaa. Alitafuta neno la kumwambia mtu huyu, kwa Kirundi au kwa lugha yoyote kati ya alizotafsiri maisha yake yote, na kila lililokuja lilikuwa dogo mno au kubwa mno.

"Huko Durban kuna baridi?" aliuliza mwishowe.

"Hapana. Huku kuna joto."

"Haya. Jihadhari."

Teksi ilikuwa imeshaondoka. Hakungoja nyingine. Aliweka simu kwenye mkoba, akaufunga, akaufungua kuhakikisha simu imo, kisha akaanza kutembea kuelekea Troyeville.